Kuingia Msituni Bila Hodi

Tarehe 19 Machi 2018, katika hifadhi ya Ol Pejeta huko Laikipia, alikufa Sudan, dume la mwisho la vifaru weupe wa kaskazini. Alikuwa na umri wa miaka 45. Mwaka uliofuata dume la jamii yake likaonekana tena, safari hii ukutani, ndani ya chumba cheupe kitupu, likiwa na ukubwa wake halisi. Kazi hiyo inaitwa The Substitute, nayo ni ya msanii Mwingereza Alexandra Daisy Ginsberg. Mwanzoni mnyama ni rundo la vipande vya mraba visivyo na sura. Anatembea huku na huko akikisoma chumba, kwa msaada wa utafiti wa kampuni ya DeepMind kuhusu jinsi akili ya kompyuta inavyoweza kujitafutia njia. Kadiri anavyokizoea chumba ndivyo ngozi yake inavyopata mikunjo na jicho lake linavyopata uhai, huku akipumua na kulia kwa sauti zilizotokana na rekodi za vifaru wa mwisho. Kisha anatoweka.

Naiheshimu kazi hii kwa sababu haimbembelezi mtu. Inatuuliza kwa nini tunahangaika kuumba viumbe vipya ilhali tumeshindwa kuwatunza waliopo. Kifaru wa ukutani hana nyasi wala kupe, na hana wale walinzi waliokesha na Sudan usiku wakiwa na bunduki. Ginsberg ameuacha utupu ule makusudi, ili tuuone. Wasanii wengi waliomfuata wameujaza rangi.

Katika miaka hii kumi hivi imestawi sanaa ya kidijitali inayokusanya mambo matatu mahali pamoja: mazingira yanayoangamia, maarifa ya jamii za asili kuhusu mazingira hayo, na akili mnemba, au akili unde kama wengine wanavyoiita. Majumba makubwa ya Ulaya na Marekani yanaipenda mno. Wahakiki hubishana kama ni sanaa kweli ikiwa mashine ndiyo iliyochora. Kwangu huo ni ubishi wa pembeni. Kwetu mtu havuki kizingiti cha mwenzake kabla ya kupiga hodi na kukaribishwa. Akiita mara tatu kimya, hugeuza njia akaenda zake. Hapo ndipo ninapotaka kuipimia sanaa hii: nani aliombwa ruhusa kabla msitu haujaingizwa kwenye mashine, na je, alikuwa na nafasi ya kukataa?

Mtu wa kuanza naye ni Refik Anadol, mzaliwa wa Istanbul anayefanyia kazi Los Angeles. Mwishoni mwa 2022 alitundika katika jumba la MoMA la New York skrini kubwa yenye mawimbi ya rangi yasiyokoma, yaliyozalishwa na mashine iliyofunzwa kwa kumbukumbu za mkusanyo wa jumba hilo lenyewe. Watu walikaa mbele yake wakiduwaa. Mapema 2024 akaja na mradi wa mazingira. Alitangaza Large Nature Model, modeli iliyofunzwa kwa picha na sauti za mimea na wanyama, akaonyesha matunda yake katika ukumbi wa Serpentine, London. Sehemu kubwa ya data ilitoka katika hazina za taasisi kama Smithsonian ya Marekani na jumba la makumbusho ya viumbe la London. Ukutani yakawa yanapita matumbawe, ndege na maua ambayo hayajawahi kuota popote, kwa kuwa mashine ya aina hii hujifunza ruwaza za picha nyingi mno, kisha hubuni inachokiona kuwa kinaelekea kufanana nazo.

Hazina hizo nazo zina historia, na sehemu ya historia hiyo inapita mlangoni petu. Aprili 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka bandari ya Mombasa na mwanawe Kermit, akapanda reli kuelekea bara. Safari yake ilifadhiliwa kwa ajili ya Smithsonian. Ilipoishia Khartoum, Machi 1910, ilikuwa imekusanya zaidi ya wanyama 11,000, kuanzia tembo hadi panya, wakiwa ngozi zilizotiwa chumvi, mafuvu na mifupa, vyote vikibebwa vichwani na wapagazi. Miongoni mwao walikuwa vifaru weupe wa kaskazini, waliopigwa risasi huko Lado, ukingoni mwa Mto Nile. Mwaka huohuo wa 1909 Wajerumani walianza kuchimba mifupa ya dinosaria Tendaguru, Lindi. Zaidi ya tani 200 zilishuka kwa migongo ya watu hadi pwani, na mjusi mkubwa kuliko wote waliochimbwa huko amesimama Berlin mpaka leo. Jamii iliyotoa kifaru wa Ol Pejeta ilianza kugeuzwa kielelezo cha makumbusho zaidi ya miaka mia moja kabla hajafa.

Sisemi kwamba Anadol ni mwindaji. Ninasema kwamba hazina ya makumbusho haikuwahi kuwa maumbile yenyewe. Ni maumbile yaliyokwisha kung'olewa mahali pake na kupewa lebo ya Kilatini, jina la mkusanyaji na tarehe. Ndege aliyemo ndani ya droo ameachana na mti aliokuwa akilalia, na mvua aliyokuwa akiitangaza kwa mlio wake. Ameachana pia na bibi aliyejua kwamba akilia upande wa kushoto wa njia safari huahirishwa. Mashine haiwezi kujifunza kisichokuwepo kwenye lebo. Ukiifunza kwa hazina hiyo kisha ukaita matokeo yake ndoto ya maumbile, umeifunza namna dola za karne ya 19 na ya 20 zilivyoyaona maumbile, yaani kama mali ya kuorodheshwa.

Wapo wasanii walioliona pengo hilo wakalifanya ndilo kazi yenyewe. Sofia Crespo, mzaliwa wa Argentina, mwaka 2022 alijaribu kuunda picha za viumbe walio hatarini kutoweka kwa kutumia data huria peke yake, katika kazi aliyoiita Critically Extant. Viumbe waliotoka walikuwa nusunusu, wamepinda, kwa kuwa picha zao mtandaoni ni chache mno. Linda Dounia Rebeiz wa Dakar amefanya jambo linalonigusa zaidi. Katika Once Upon a Garden alitumia mashine kukisia maua ya Sahel ambayo yametoweka au yanatoweka bila kumbukumbu ya kutosha. Ni msanii huyohuyo aliyeeleza kwamba alipoiomba programu mashuhuri imchoree majengo ya jiji lake, ilimletea jangwa na magofu. Mashine inayoshindwa kuiona Dakar, jiji la mamilioni ya watu lenye picha tele, italionaje ua lililokuwa likichanua wiki mbili kwa mwaka kando ya kijiji kisicho na umeme? Maua ya Dounia ni ya kukisia, naye anasema hivyo waziwazi. Yeye anamlilia jamaa aliyemjua, na ndiyo sababu kwake makisio yale hayageuki udanganyifu.

Huenda mtu akajibu kwamba dawa ni kuwashirikisha wenyeji, na kweli Anadol alifanya hivyo kabla ya Large Nature Model. Mwaka 2023 alitoa Winds of Yawanawa, kazi 1,000 za kidijitali zilizouzwa kama NFT, yaani hati za umiliki za kidijitali, zilizofumwa kutokana na data ya hali ya hewa ya kijiji cha Wayawanawa katika jimbo la Acre, Brazili, pamoja na michoro ya vijana wa jamii hiyo. Viongozi wao walishiriki, na mamilioni ya dola yaliyopatikana yalielekezwa kwa jamii. Katika dunia ambamo nakshi za wenyeji huibwa kila siku zikachapwa kwenye fulana, hili si dogo. Hata hivyo kuna jambo linanitatiza. Upepo wa kijiji umekatwa vipande elfu moja, kila kimoja na mwenyewe aliye mbali, anayeweza kukiuza kesho kwa bei ya soko. Soko lenyewe la NFT lilikuwa limeporomoka kabla ya kazi hiyo kutoka. Makubaliano yalikuwepo, na hilo linaitenga kazi hii na nyingi nyingine. Ila umbo la kazi lilibaki lilelile la duka. Mtazamo wa Wayawanawa ulichangia rangi na mistari, ukaishia hapo. Haukufika kwenye namna kitu kinavyomilikiwa.

Wenyeji walioanza na umiliki wapo, na kwangu hao ndio wanaoifanya sanaa hii iwe mpya kweli. Mwaka 2018 watu wanne waliandika pamoja insha iitwayo Making Kin with the Machines: Jason Edward Lewis na Noelani Arista wenye asili ya Hawaii, Archer Pechawis wa Wakrii wa Kanada, na Suzanne Kite wa Walakota wa Oglala. Mwaka uliofuata wasanii, wanazuoni na watu wa kompyuta kutoka jamii nyingi za asili walikutana Honolulu kuijadili akili mnemba, na mwaka 2020 wakatoa maandiko yao. Swali lililowashughulisha halikuwa kama mashine itatushinda akili. Waliuliza jamii ambayo tayari ina adabu ya kuishi na viumbe wasio binadamu, kama mto, nyangumi au jiwe, itaipokea vipi mashine katika ukoo wake, na kwa masharti gani.

Kite hakuishia kwenye insha. Katika maonyesho yake amevaa msuko mrefu wa nywele wenye vihisi ndani. Akisogea, programu iliyofunzwa mwendo wake huugeuza kuwa sauti, nayo sauti humrudia na kumbadilisha mwendo. Hapo mashine inamsikiliza, naye anaisikiliza. Katika maonyesho ya Whitney Biennial ya 2024 huko New York alipanga mawe sakafuni katika maumbo yanayotokana na ndoto, yawe maandiko ya muziki ambayo mwanamuziki anaweza kuyasoma na kuyapiga. Kwa Walakota jiwe ni mzee. Linaweza kuwa na nafsi na likaongea na mtu aliye tayari kusikia. Kutokana na hapo Kite anajenga hoja isiyokwepeka. Kompyuta imetengenezwa kwa mawe. Shaba yake ilikuwa jiwe, kobalti yake ilikuwa jiwe, mchanga wa chipu zake ulikuwa jiwe. Ukitaka kutengeneza mashine kwa uadilifu huwezi kuanzia kwenye programu. Utaanzia pale lilipong'olewa jiwe la kwanza, ukiuliza liliombwaje, nani alikaa hapo, na mashine ikichoka litarudishwa vipi ardhini.

Nimesoma hoja nyingi kuhusu maadili ya akili mnemba, nyingi zikiwa kauli za kampuni zenye ahadi laini. Hii ya Kite ndiyo pekee iliyonipeleka moja kwa moja Kolwezi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, na sehemu kubwa hutoka kwenye ukanda wa Lualaba na Katanga ya Juu, ambako mchimbaji anayeshuka shimoni kwa kamba anamwita mwenzake kwa Kiswahili. Manono, katika mkoa wa Tanganyika wa hukohuko Kongo, kuna akiba kubwa ya lithiamu ya betri. Rubaya, Kivu Kaskazini, kunatoka koltani. Jamii za asili zinazozungumziwa kwenye kumbi za London mara nyingi ni za Amazonia, watu wenye manyoya kichwani wanaopendeza kwenye picha. Mtu wa Kolwezi mwenye vumbi la shimo usoni hatajwi katika sanaa ya maumbile, ingawa bila jiwe lake skrini isingewaka. Naye ana mababu na milima yenye majina, na ana desturi: wayeyushaji wa shaba wa Katanga ya kale hawakuwasha tanuri bila bwana wa tambiko.

Lubumbashi wapo wanaoisema habari hii. Jean Katambayi Mukendi, fundi wa umeme aliyegeuka msanii, huunda mitambo kwa karatasi ngumu, nyaya na mabaki ya vyombo vya umeme. Kituo cha Picha cha mji huohuo, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walianzisha mradi wa On-Trade-Off unaoifuata lithiamu ya Manono kutoka ardhini hadi kwenye gari la kifahari. Katika mradi huo wasanii wa Lubumbashi walisuka umbo la gari la Tesla kwa nyaya za shaba, tupu ndani kama kizimba. Hamna akili mnemba hata chembe katika gari lile, na bado linaniambia mengi zaidi kuhusu maumbile na kompyuta kuliko mawimbi yote ya rangi ya MoMA.

Nitahadharishe jambo moja. Kusema mtazamo wa watu wa asili kana kwamba ni mmoja ni kurudia kosa la lebo ya makumbusho. Hata wale wanne wa 2018 kila mmoja aliandika kutoka kwenye mila yake, na hawakulazimishana kukubaliana. Wapo wazee wengi duniani ambao wakiambiwa mashine iingizwe kwenye ukoo watakataa katakata, na kukataa kwao ni falsafa kamili. Huko Kaitaia, kaskazini mwa Nyuzilandi, redio ya Wamaori ya Te Hiku Media mwaka 2018 ilikusanya zaidi ya saa 300 za sauti za lugha yao kwa siku kumi, kwa sababu watu waliiamini. Makampuni yalipotaka kuzinunua, redio ikakataa, ikaandika leseni yake yenyewe: data ni amana ya jamii, nayo hutumika kwa faida ya waliozungumza. Te Hiku si kundi la wasanii, ila msanii yeyote anayetaka kugusa sauti za wazee angeanza kwa kuisoma leseni ile.

Lusanga, magharibi mwa Kongo, hodi ilipigwa kutoka upande usiotarajiwa. Mji huo ulianzishwa 1911 kwa jina la Leverville, shamba la michikichi la kampuni iliyokuja kuwa Unilever. Mwaka 1931 Wapende waliasi, wakamuua ofisa wa Kibelgiji aliyeitwa Maximilien Balot, kisha wakachonga sanamu yake ili kuidhibiti roho yake yenye hasira. Sanamu ilinunuliwa 1972 na mtafiti kutoka Marekani, ikaishia katika jumba la sanaa la Virginia. Wasanii wa umoja wa CATPC, ambao ni wafanyakazi na watoto wa mashamba yale, waliiomba iende nyumbani hata kwa mkopo. Mazungumzo yalipokwama, mwaka 2022 wakachukua picha yake wakatengeneza NFT, wakaziuza ili wanunue ardhi iliyochoka na kuirudishia msitu na chakula. Jumba la Virginia lilikasirika, likauona utovu wa weledi. Sanamu hatimaye ilikwenda Lusanga kwa mkopo mwaka 2024, wakati CATPC wakiwa kwenye maonyesho ya Venisi.

Je, hawakuingia bila hodi nao? Waliingia katika nyumba iliyohifadhi kitu cha babu zao, baada ya kubisha hodi muda mrefu. Tofauti yao na NFT za upepo iko mwishoni: huku fedha ziligeuka hekta, na hekta zinageuka miti. Kazi yao haikukoma skrini ilipozimwa.

Nikirudi kwetu, pwani ya Kenya, naiona mada hii ikiwa bado haijaguswa. Baadhi ya misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2008. Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia, na hapigi picha bila idhini. Hakati hata kijiti. Mwaka 1914, baada ya Mekatilili wa Menza kuwalisha Wagiriama kiapo, Waingereza walilipua Kaya Fungo kwa baruti, kwa kuwa walielewa vizuri kwamba nguvu ya watu wale ilikuwa imefungwa na mahali. Nje ya kaya kuna vigango, nguzo za kuchonga zinazosimamishwa kwa ajili ya wanachama wa chama cha wazee cha Gohu waliofariki. Kigango kikishasimama hakihamishwi. Mji ukihama, kinabaki palepale kioze na kurudi udongoni. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 viliibwa kwa mamia, vikauzwa kwa watalii na wafanyabiashara. Watafiti Monica Udvardy na Linda Giles wamevifuatilia zaidi ya 400 katika makumbusho ya Marekani pekee. Picha zake zimejaa kwenye katalogi za minada, na picha zilizojaa mtandaoni ndizo mashine hulishwa.

Lakini picha imewahi pia kufanya kazi nyingine. Mwaka 1985 Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa amesimama kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka kumi na minne baadaye Udvardy akakitambua kimoja kwenye slaidi ya makumbusho ya chuo kikuu kimoja cha Illinois, na kingine kikapatikana katika chuo cha Hampton, Virginia. Kwa ushahidi wa picha ile, vyote viwili vilirejeshwa Kenya, 2006 na 2007. Picha hiyo ilikuwa na nguvu kwa sababu haikutenganishwa na chochote: ilijulikana nani alipiga, nani alisimama, mahali gani, na nguzo ni za nani. Hiyo ndiyo data ninayoitaka katika sanaa hii.

Kijana wa Kilifi leo anaweza kuipima kaya yote kwa simu na kuijenga upya ndani ya kompyuta. Vipaji vipo Mombasa na Nairobi. Wanaopaswa kuulizwa ndio wanaopungua: wazee wa Kilifi wamekuwa wakiuawa kwa kusingiziwa uchawi, wengine kwa sababu ya ugomvi wa mashamba, na baadhi wamelazimika kukimbilia kituo cha hifadhi. Msanii atakayekwenda kwao na kamera kabla hajauliza habari za usalama wao atakuwa amekosea tangu hatua ya kwanza.

Kazi ninayoisubiri ingeanza na baraza la wazee, kabla ya kompyuta kununuliwa. Wao wangeamua kipi kirekodiwe, na kipi, kama mahali lilipozikwa fingo, hirizi ya kuilinda kaya, kisiguswe kabisa, hata kwa satelaiti. Data ingekaa Kwale au Kilifi. Siku kaya inapofungwa kwa tambiko, skrini nayo ingezimwa, iwe iko Nairobi au Berlin, na watazamaji waliolipa kiingilio wangekuta giza na maelezo mafupi ya sababu. Na kwenye mkataba, pamoja na kifungu cha mapato, kungekuwa na kifungu kinachowapa wazee haki ya kusema wamebadili mawazo, kila kitu kifutwe.